Linashika Barabara

Aliingia dukani Jumanne, mvua ya Biella ikimfuata mgongoni,
akaliacha nje gari la marehemu kaka yake:
Alfa ya mwaka sitini na tisa, rangi ya haradali iliyochujuka,
fupi, bapa, limekwaruzwa puani,
limejibana chini kama paka aliyeona panya.

"Ermete," alisema, "nataka matairi."
Kana kwamba kwangu watu huja kununua mkate.

Nikapiga magoti. Kashata nene, hazijaguswa;
mpita njia angesema mapya.
Lakini ubavuni zipo tarakimu nne zisizojua kubembeleza:
wiki ya ishirini na moja, mwaka elfu mbili na kumi na mbili.
Kaka yake aliyafunga, akaugua, akalifunika gari kwa shuka la kitanda.
Mpira haungoji mtu apone.
Hukauka kimyakimya, ukawa mbao yenye sura ya tairi.

Nikamshushia aina mbili, nikazilaza sakafuni.
La kwanza gumu, tulivu, la kwendea kanisani na kurudi,
kilomita elfu arobaini bila kumuudhi mtu.
La pili la kati: halina adui, halina rafiki.
La tatu sikutaka kulishusha.
Alilionyesha mwenyewe kwa kidole, kule juu rafuni,
jeusi, mifereji michache kama mikunjo ya kiganja cha mtoto,
linanata kama ulimbo.

Delfina alifanya kazi kiwanda cha sufu miaka thelathini na minane.
Kazi yake ilikuwa kushika nyuzi na kutamka:
hii ya koti, hii ya blanketi, hii mrudishieni kondoo.
Hakuuliza bei.
Alivua glavu, akafumba macho, akakandamiza ukucha.
Kwenye la kwanza, hakuna alama.
Kwenye la pili alama ikaja, ikaona haya, ikaondoka.
Kwenye la tatu ukucha ulizama,
na pale ulipozama pakabaki mwezi mwandamo.

"Hili."

Nikamwambia yote. Muuza tairi asiyeonya ni muuza majeneza.
Nikasema: mpira laini hula umri wake mwenyewe,
msimu mmoja, labda miwili, kisha kipara.
Nikasema: likiwa baridi linateleza kuliko sabuni.
Nikasema: ukikuta maji yametuama, sali kabla hujafika.
Na gari hili, nikasema, liliundwa kucheza.
Tairi jembamba la zamani likichoka kwenye kona hukunong'oneza,
kiuno kinayumba, unapata muda wa kuomba radhi.
Hili linashika, linashika, linashika,
bushi za miaka hamsini zinalia, beringi zinasaga meno,
na siku likiachia, haliagi.

Alinisikiliza kama mtu anayesikia utabiri wa mvua ya mji mwingine.
"Linashika barabara?"
Sikujua ameuliza njia au namna.
"Linashika barabara barabara," nikajibu.

"Nina miaka sabini na mmoja, Ermete.
Hizo kilomita elfu arobaini muuzie mwanao."

Nikafunga yote manne. Upepo nikaupunguza kidogo, gari lenyewe jepesi.
Nilitaka nisimtoze ufundi.
Nikamtoza. Duka ni duka.

Jumapili mvua ilikatika.
Nilimsikia kabla sijamwona, akipanda kuelekea Oropa:
gia ya tatu, ya pili, halafu kile kimya kifupi cha kona,
kimya ambacho fundi hukingoja na spana mkononi,
halafu sauti tena, juu zaidi.

Alirudi saa saba, nywele zimemsimama upande mmoja.
Hakusema ilikuwaje, nami sikuuliza.
Nikaligusa tairi la mbele, la kushoto. Moto kama mkate.
Lilikuwa limeokota changarawe za mlima mzima.

Akachuchumaa kando yangu, magoti yakimlalamikia,
akaanza kuzing'oa kwa ukucha, moja moja,
akizitia ndani ya glavu.